Amezimia au Imezima?

Katika mchezo wa Super Mario World yumo adui mmoja ambaye wengi walioucheza hawamkumbuki kwa jina. Anaitwa Mechakoopa. Ni kobe wa bati, mdogo, anatembea kwa hatua fupi fupi huku akifungua na kufunga taya, na mgongoni ana ufunguo kama ule wa kujazia saa za zamani. Mchezo wenyewe ulitoka Japani tarehe 21 Novemba 1990, miaka mingi kabla hata mmoja wetu hajazaliwa, na una njia 96 za kumaliza hatua zake. Katika sehemu kubwa ya safari hiyo Mechakoopa hayumo. Utakanyaga kobe wa kawaida mpaka uchoke, utafukuzwa na mizuka, utaangukiwa na mawe yenye uso wa hasira, lakini yeye unamkuta mwishoni, katika Bonde la Bowser, na hasa ndani ya ngome ya Bowser mwenyewe. Anayecheza kwa kupitisha wakati anaweza kuuacha mchezo bila kumwona kabisa.

Tumeandika "kumwona" na "yeye". Baadhi yetu wangeandika "kuiona" na "hiyo". Makala haya yanahusu ugomvi huo.

Kwanza tueleze tabia yake, maana ndiyo iliyoleta maneno. Kobe wa kawaida ukimkanyaga anatoka gambani au anajificha ndani yake. Mechakoopa ukimkanyaga anabanwa chini, anatulia kimya, na hapo unaweza kumwokota na kumrusha. Ukimwacha, baada ya sekunde chache anatetemeka, anainuka na kuendelea na mwendo wake kama vile hakuna lililotokea. Tena bila yeye mchezo hauishi. Katika pambano la mwisho Bowser anakuja angani ndani ya chombo cha duara chenye uso wa chale na feni chini yake, anatupa Mechakoopa wawili wawili, na kazi yako ni kumkanyaga mmoja, kumwokota kabla hajaamka, na kumrusha juu umpate Bowser kichwani. Awamu ni tatu, na kila awamu anatakiwa apigwe mara mbili. Kwa hiyo silaha ya kumwangusha mkubwa ni askari wake mwenyewe aliyelala.

Sasa, muhula uliopita klabu yetu iliandaa usiku wa gemu. Sharti lilikuwa moja: mtu mmoja anashika pedi, mwingine anatangaza, na matangazo yote ni kwa Kiswahili, kama mpira wa redioni. Anayechopeka Kiingereza au Kiarabu anatia dirham moja kwenye kopo. (Neno "sekunde" na neno "sahani" yaliruhusiwa baada ya mjadala mfupi. Tungekataza kila lililotoka ng'ambo, tungebaki kutazamana.) Mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Lile jiwe lenye uso, ambalo Wajapani na Waingereza wamelipa jina kabisa, kwetu lilikuwa jiwe tu: jiwe limeanguka, jiwe limepanda. Hakuna aliyeuliza kama lina roho, ingawa lina macho na meno. Yule kobe wa mifupa mitupu, anayesambaratika ukimkanyaga kisha akajiunga tena, tulimtangaza hivi: mifupa imemwagika, mifupa imejikusanya. Mzuka ulipotokea, ulitokea. Maneno yenyewe yalikuwa yametuamulia. Jiwe lina li- yake, mifupa ina i- yake, mtangazaji anafuata tu.

Tulipofika ngomeni, mtangazaji wa zamu alikuwa mwenzetu ambaye ukoo wake ni wa Malindi ya Unguja. Akasema kwa sauti ya uwanjani: "Kamkanyaga! Kazimia! Kamwokota!" Nyuma ya chumba ikatoka sauti ya mwenzetu mwingine, ambaye wazazi wake ni wa Nairobi: "Imezima! Ni mashine hiyo, imezima!" Mwenye pedi akasimamisha mchezo. Hakuucheza tena usiku ule.

Neno "roboti" halitoi msaada. Halina m- wala ki- wala ji- ya kukushika mkono. Limo katika kundi la ng'ombe na nyumba, simba na kalamu, ambamo umbo la neno halisemi lolote na msemaji ndiye anayeamua kwa kuangalia kitu chenyewe. Mfano tunao juu ya vichwa vyetu mchana na usiku, maana Dubai ndege hazituishi masikioni. "Ndege ameruka" na "ndege imeruka" ni habari mbili, na jina halikubadilika hata herufi moja. Kinachotenganisha mwenye manyoya na yenye abiria ni silabi ya mbele ya kitenzi tu. Ndiyo maana hata kwenye magazeti ya Kiswahili utamkuta roboti "anayetembea" leo na roboti "inayotembea" kesho.

Kanuni ya darasani tunaijua: kiumbe hai anachukua a- na wa-, hata kama jina lake lina sura ya kitu. Kipepeo ameruka, kifaru amekasirika, kijana amechelewa. Lakini ukiisogeza kanuni hiyo mpaka pembezoni inaanza kuyumba. Jini hana pumzi ya kupimwa na daktari, naye amempanda mtu, hajampanda kwa i-. Maiti alikuwa mtu jana, na leo wako wanaosema amezikwa na wako wanaosema imezikwa, wote watu wazima na Kiswahili chao hakina kasoro. Basi huenda suala si pumzi, ni kutaka. Jini anataka kitu, ubani au pete au mtu wa kukaa naye. Mechakoopa anataka nini? Wakajibu wa upande wa a-: anamtaka Mario, akimwona anageuka kumfuata. Wakajibiwa: na milango ya maduka makubwa ya hapa inamfungukia kila anayekaribia, lakini hakuna anayesema mlango kamwona akamfungulia.

Halafu kuna vitenzi vyenyewe, ambavyo ni vitamu zaidi kuliko ugomvi. Kuzimia ni kwa mtu: anaanguka, anapepewa, anazinduka. Kuzima ni kwa taa na moto, na siku hizi kwa simu iliyoishiwa chaji. Vinasikika kama ndugu wa tumbo moja. Na pembeni yao amekaa "mzima", mwenye uhai na afya, ambaye kwa sauti ni jamaa yao ingawa kwa maana yuko ng'ambo ya pili ya mto. Mechakoopa aliyelala chini anaweza kuwa amezimia au imezima, na kila neno linabashiri jambo tofauti. Aliyezimia tunangoja azinduke mwenyewe. Kilichozima kinangoja mtu wa kukiwasha. Katika mchezo hakuna anayemwasha. Hiyo ilikuwa hoja nzuri ya upande wa a-, na tunaiandika hapa kwa haki, ingawa sisi tunaoandika tumegawanyika.

Kwa mtu wa nje huu ni ubishi wa mezani. Kwetu haukuwa hivyo.

Sisi ni watoto wa Kiswahili cha jikoni na cha simu. Tumekisikia kwa mama akipika, kwa shangazi wa Mombasa au Dar es Salaam anayepiga simu siku ya Idi, kwa baba akisukuma trafiki ya Barabara ya Sheikh Zayed. Shule ilikuwa Kiingereza, na Kiarabu kwa saa zake. Katika Kiswahili cha namna hii msamiati haupotei kwanza. "Mwiko" na "kawa" tunavijua kuliko wenzetu wengi wa mijini kwetu. Kinachopotea kwanza ni hizi silabi za mbele. Katika nyumba zetu wako wadogo wetu wanaosema "watu zimekuja" na "paka yangu imelala", kwa sababu i- na zi- zimemeza ndugu zao wote. Wageni wanacheka, kicheko cha upendo kabisa, na mtoto anajibu sentensi inayofuata kwa Kiingereza. Mwaka unaofuata anajibu zote kwa Kiingereza. Kila mmoja wetu anamjua mtoto aliyenyamazishwa hivyo, na mara nyingi ni wa nyumbani kwake.

Kwa hiyo msichana wa miaka 20 anaposema mbele ya watu "roboti imezima", wako watakaojiuliza: amechagua i- kwa kuwa ni mashine, au i- ndiyo pekee aliyobaki nayo? Mwenzetu wa Nairobi aliliweka wazi usiku ule ule, bila hasira: "Mimi nikisema i- mnadhani sijui. Huyu wa Unguja akisema i- mtadhani amefikiri." Chumba kilinyamaza. Lilikuwa kweli. Hakuna aliyepata jibu la haraka, na aliyejaribu mzaha aliona haukupokelewa.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mirdif kwa bibi yake yule mtangazaji, chakula cha mchana cha Ijumaa. Bibi aliondoka Unguja akiwa msichana, na Kiswahili chake ndicho wengi wetu tunachokipima kama dhahabu, jambo ambalo yeye mwenyewe analiona upuuzi. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, na mjukuu akatangaza kwamba tumemletea roboti.

"Viroboto? Nyumbani kwangu?"

Ilichukua muda kueleza. (Na tuliokuwa tukiweka hesabu tuliona pia kwamba kiroboto, pamoja na ki- yake ya kikapu na kisu, anauma kwa a-.) Baadaye tukaunganisha mchezo kwenye televisheni, bibi akakaa na kikombe chake cha kahawa kutazama. Mario akamkanyaga Mechakoopa.

"Huyo kafa?"

"Hajafa, bibi. Ngoja."

"Basi kalala." Akatazama. "Ee. Kaamka."

Mjukuu akatugeukia kama aliyeshinda kesi. Lakini wa Nairobi akauliza kwa adabu: "Bibi, kwani ni mashine. Mashine si huwa inazima?" Bibi akafikiri kidogo. Akasema babu alikuwa na saa ya ukutani ya kutia ufunguo, na siku akisahau kuijaza yeye alikuwa akimwambia: saa yako imekufa. "Imekufa, sikusema amekufa. Na ilikuwa ikipiga kelele kumshinda huyo."

"Kumshinda huyo, bibi, au kuishinda hiyo?"

"Kumshinda huyo," akasema bibi, na hakuona tatizo liko wapi.

Tungeishia hapo, tungekuwa na hadithi ya kuchekesha tu. Lakini mchezo ulipozimwa ilirudi stesheni iliyokuwapo, na stesheni ilikuwa ikionyesha mbio za ngamia za Al Marmoom, uwanja ule ulio upande wa barabara ya kwenda Al Ain. Wasomaji waliokulia hapa wanajua picha yake. Ngamia wanakimbia, magari ya wenye ngamia yanakwenda sambamba nao kando ya njia, na juu ya mgongo wa kila ngamia kuna kitu kidogo kilichovishwa nguo za rangi. Ni roboti. Ina redio ya kupitishia sauti ya mwenye ngamia, na kiboko kinachozungushwa kwa rimoti kutoka garini. (Kiboko huyu ni ki-. Yule wa mtoni ni a-.) Bibi akanyoosha kidole.

"Hao nao ni roboti? Zamani walikuwa watoto."

Walikuwa watoto kweli. Kwa miaka mingi wapanda ngamia wa mashindano katika nchi za Ghuba walikuwa watoto wadogo, wengine hawajafika hata umri wa kuanza shule, wakipendwa kwa wepesi wao. Wengi waliletwa kutoka Pakistani, Bangladeshi, Sudani na Mauritania. Mwaka 2005 Umoja wa Falme za Kiarabu ulipiga marufuku jambo hilo kwa sheria na kutia saini makubaliano na UNICEF, na watoto zaidi ya elfu moja wakarudishwa makwao. Mahali pao zikaja roboti. Za mwanzo, zilizotengenezwa na kampuni ya Uswisi kwa ajili ya Qatar, zilikuwa na umbo la mtu na uzito uliozidi kilo 20. Za siku hizi ni kilo chache tu, na umbo la mtu halipo tena. Kimebaki kisanduku kilichovishwa nguo.

Sisi tulizaliwa wakati mambo hayo yakibadilika, na tumekua tukiona kisanduku kile ni kichekesho cha nchi yetu, cha kumwonyesha mgeni. Kwenye sebule ya Mirdif hakuna aliyecheka. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, alisema anachokiona yeye ni sarufi imegeuzwa. Wale walikuwa wa a- na wa-, hata mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukosea hapo, na bado walipimwa kwa kilo, wakapangwa na kubadilishwa kama vyombo. Sasa chombo chenyewe kimefika, nasi tunabishana kama tukipe a-.

Mwalimu mlezi wa klabu, tulipomsimulia, hakutoa hukumu. Alituuliza tu neno lenyewe limetoka wapi. Tukatafuta. Limetoka katika tamthilia ya Karel Čapek, Mcheki, iitwayo R.U.R., ya mwaka 1920, na aliyempendekezea neno ni kaka yake, Josef, aliyekuwa mchoraji. Kwao "robota" ni kazi ya shuruti, ile ambayo kwetu mzee angeiita suluba. Na roboti wa Čapek hawakuwa wa bati. Walikuwa viumbe vya nyama ya kutengenezwa, sura zao sura za watu, waliofanyishwa kazi mpaka wakaasi. Kwa Kiswahili wangepata a- na wa- bila kura. Chuma kilikuja baadaye.

Kura tulipiga, kwa sababu kijitabu cha maneno ya gemu kilikuwa kinangoja kwenda kuchapwa, na ukurasa wa maadui ulikuwa na nafasi tupu. Matokeo yalikaribiana sana. Walioshinda waliandika kwamba Mechakoopa ni a-, si kwa sababu ana uhai, bali kwa sababu katika mchezo yeye ni adui, na adui ni a- siku zote: adui anatembea, adui amezimia, adui ameamka. Mtoto akicheza na mwanasesere anamlaza na kumfunika shuka, na hakuna bibi anayemsahihisha. Lakini wengi wa hao hao walioshinda walitaka roboti za Al Marmoom ziandikwe kwa i- na zi-, na jambo hilo lilipita bila kupingwa. Mtu mmoja alieleza sababu yake kwa maneno machache: pale palikaa mtoto, na a- ile ni yake. Si lazima kila mwalimu akubaliane nasi. Hoja hiyo si ya sarufi peke yake, tunajua.

Upande ulioshindwa nao uliomba jambo moja, na lilikubaliwa. Katika kijitabu, chini ya Mechakoopa, imechapwa pia "imezima", kwa herufi za ukubwa ule ule, bila mabano, bila nyota, na bila yale maneno mawili ambayo wenzetu wa bara wameyasikia tangu utotoni, "si sanifu". Wa Nairobi alisoma prufu mwenyewe kuhakikisha.

Usiku wa gemu wa pili ulifanyika mwezi uliopita, naye ndiye aliyetangaza ngomeni. Anatangaza haraka kuliko yule wa Unguja, na anapenda kurudia maneno. Bowser aliposhuka mara ya tatu, akitua na chombo chake sakafuni kwa vishindo, alikuwa hivi: "Anakuja, anakuja, anakuja, amekanyagwa! Imezima! Okota, okota, imezima lakini itaamka, okota! Amemrusha!" Tuliokaa nyuma tulihesabu a- nne na i- tatu kwa Mechakoopa mmoja ndani ya pumzi moja. Hakuna aliyepiga kelele, maana aliyerushwa alimkosa Bowser, akaangukia upande wa pili wa ukumbi, akatetemeka, akaanza kutembea tena kumwelekea Mario, na mwenye pedi alikuwa amebakiza roho moja.